Sababu Tatu za Kumpunguza Mtu

Nimekutana na wajinga wengi maishani, na wengi wao niliwasamehe, maana ujinga wa bure hauna kosa. Ninaoshindwa kuwasamehe ni wale wanaolipwa. Mmoja wa hao alikuja Gisenyi, mpakani na Kongo, mwishoni mwa miaka ya tisini, amevaa tai na miwani ya jua, na disketi mbili mfukoni, kuijengea ofisi ya kodi programu ya kompyuta ya kuchambua walipakodi. Alikuwa amekulia Uganda. Kiingereza kilimtoka puani, na Kiswahili alikiona ni lugha ya wapishi na askari. Ofisini tulimwita Mtaalamu. Wenzangu walilitamka neno hilo kwa heshima, mimi nililitamka kwa sababu mshahara wangu ulipitia kwake.

Mimi nilikuwa mzaliwa wa Mwanza, binti wa wakimbizi waliorudi kwao na masanduku yao na Kiswahili kilichowafanya watu wa Gisenyi watucheke. Huko Mwanza nilifanya kazi kwenye chama cha ushirika cha pamba, nikiingiza hesabu za wakulima kwenye kompyuta, na nilikuwa najua kutengeneza programu ndogo ndogo. Mkuu wa ofisi ya kodi aliposikia nimetaja kompyuta aliniajiri palepale, akasema nitamsaidia Mtaalamu. Kumsaidia mtu wa namna ile ni kufanya kazi yake huku unaitikia.

Mkuu mwenyewe alikuwa mtu wa Kifaransa, wa "bon" na "donc" kila sentensi, mwenye tumbo lililotulia. Kompyuta alikuwa akiziogopa. Kila jioni alizifunika kwa vitambaa alivyofuma mkewe, na asubuhi alisimama mbali kidogo wakati nikiviondoa.

Nilikuwa nikiishi kwa mama mdogo, mdogo wake mama yangu. Wakati babu zetu wanakimbia, upande mmoja wa ukoo ulielekea Tanzania na mwingine Kongo, na yeye alikulia huko Masisi, akaolewa huko, akazaa huko, mpaka vita vilipomtupa tena upande huu na binti mmoja wa shule. Alikuwa na kibanda cha vitenge sokoni. Alfajiri alivuka mpaka kwa miguu kwenda Goma kununua, saa tatu alikuwa amerudi anauza. Mshahara wangu ulikuja ulipotaka. Kibanda kilituletea chakula kila siku, kikamlipia binti yake ada, na siku kingefungwa sisi watatu tungekula maneno. Nalisema hili mapema ili ieleweke kwamba mambo ya Mtaalamu hayakuwa kichekesho tu, ingawa kichekesho kilikuwemo tele.

Zile kompyuta hazikuwa zetu. Kulikuwa na shirika la misaada lililokuwa likigawa chakula kambini upande wa Goma, na lilipofunga virago liliacha vyombo vyake, ofisi yetu ikarithi kompyuta nne na printa moja yenye kelele za cherehani. Ndani yake mlikuwa na programu ya kugawa posho. Programu nzuri, nisiwe mchoyo wa sifa, aliyeitengeneza alijua anachofanya. Ilihesabu kaya, ikahesabu midomo, ikazipanga kaya katika madaraja manne kwa wingi wa watu, A wakiwa ndio wenye watu wengi kabisa na D wachache, kisha ikatoa mgawo wa unga, maharage na mafuta bila kupunja mtu. Ilikuwa na kipaji kimoja tu, kutoa. Mtaalamu akaamua kuifundisha kuchukua.

Nilimwambia tunaweza kuanza upya, tujenge kitu chetu kinachojua biashara ni nini. Alinitazama kwa huruma.

"Nyumba iko hapa, wewe unataka kuchimba msingi?" aliniuliza.

Alisema programu ya posho ni jukwaa, na juu ya jukwaa mtu anacheza ngoma anayotaka. Mkataba wake ulisema atajenga programu mahususi kwa ajili yetu, na mahususi kwake ilikuwa kubadilisha majina. Basi tukabadilisha majina. Palipoandikwa "kaya" nikaandika "biashara". Mkuu wa kaya akawa mlipakodi. Mgawo ukawa makadirio. Yeye alikaa nyuma yangu akinywa chai ya maziwa na kusema "endelea", kana kwamba bila neno hilo vidole vyangu vingesahau njia.

Kuna sehemu hazikubadilika. Aliyeitengeneza alizifunga kwa nywila, na nywila akaondoka nayo. Kwa hiyo mlipakodi alipolipa, nami nikaingiza malipo yake, kioo kilituagiza kwa Kifaransa tumpe unga na mafuta ya kupikia, na kikatukumbusha kwamba kina mama wanaonyonyesha wahudumiwe kwanza. Mtaalamu alitufundisha kubonyeza haraka ili mteja asione. Huo ndio ulikuwa mchango wake mkubwa wa kiufundi.

Kisha ikaja habari ya madaraja. Ofisi ilitaka kujua biashara ipi ni kubwa na ipi ni ndogo, ili kila mmoja akadiriwe patente yake, ile leseni ya mwaka ambayo bila hiyo hupewi kibanda sokoni. Kupima ukubwa wa biashara ni kazi, unatakiwa kuuliza mtu ananunua nini, wapi, anauza kiasi gani, kisha umsikilize akidanganya na upime uongo wake. Mtaalamu hakutaka kazi. Programu tayari ilikuwa na madaraja yake ya midomo, A mpaka D, na sehemu hiyo ilikuwa imefungwa. Alitoka kwenda kutembea kando ya ziwa, akarudi na nadharia.

"Mtu analisha watu kumi," alisema. "Pesa anatoa wapi? Lazima biashara yake ni kubwa. Hii ni mbinu ya kisasa."

"Bon," Mkuu akasema, akiwa ameridhika kabisa. "Donc, sahani haidanganyi."

Niliwakumbusha kwamba kuna bwana mmoja mwenye malori mawili na ghala la bia njia ya Rubona, ambaye watoto wake wote wanasoma ng'ambo, na nyumbani wanabaki yeye na mkewe. Kwa mbinu hiyo ya kisasa atakuwa daraja D, pamoja na muuza karanga. Mkuu alikohoa. Kila Jumamosi alikuwa akinywa kwa bwana yule. Mtaalamu akaniambia kwamba kila sistimu ina visa vyake vya pekee, na kwamba mimi nina tabia ya kuona matatizo. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili lilikuwa limevishwa tai.

Wafanyabiashara wakaitwa kujiandikisha. Hapo ndipo dharau yangu ilipolazimika kugawanywa, maana mpaka siku hiyo niliiweka yote kwa wakubwa, na hawa wa chini nao wakaja kudai fungu lao.

Watu wa mpaka ule walikuwa wameishi miaka na foleni za posho. Wengine walipanga foleni, wengine waliuza kilichotoka kwenye foleni, wengine walikodishana watoto ili kadi ionekane nene. Kila mmoja alijua kanuni moja, kwamba mashini ya kizungu inayokuuliza "mko wangapi?" haijibiwi kwa ukweli, inajibiwa kwa matumaini. Sasa wakaingia ofisini kwetu, wakakuta kompyuta zilezile, gundi ya nembo iliyobanduliwa bado inaonekana ubavuni, na maswali yaleyale kwa mpangilio uleule. Jina. Umetoka wapi. Mko wangapi. Akili zikawaruka.

Muuza viazi kutoka vijiji vya Kanama alisema nyumbani kwake wako kumi na tisa. Fundi wa redio, kijana asiye na mke wala mbuzi, alisema wanane, wakiwemo mapacha. Mama mmoja aliyeuza vitenge kibanda cha jirani na mama mdogo, mtu mnene mcheshi, alitaja kumi na watatu, na alipoona sijashtuka akaongeza mkwe.

Niliwaambia waziwazi: hii ni kodi, hakuna posho. Wakanikonyeza. Yule mcheshi aliinama kwenye meza, akanong'ona:

"Mwanangu, hata kule walisemaka hivyo. Mwishoni mafuta ilikuja."

Nikaandika kumi na wanne. Nilimwona mpumbavu, na nilimwambia hivyo kwa macho. Mama mdogo naye alijiandikisha siku ambayo nilitumwa Rubona kupeleka barua, akaandikwa na karani mwingine, na sikufikiria hata kumuuliza. Nilidhani mtu anayeishi na mimi ana akili zangu.

Makadirio yalipochapwa, printa ilicheka siku nzima. Fundi wa redio akawa mfanyabiashara wa kati. Muuza viazi akawa tajiri mkubwa wa mkoa, na alipopewa karatasi yake akauliza atapewa wapi huo utajiri. Bwana wa malori akaangukia daraja D, akalipa patente ya muuza karanga papo hapo, na akaipongeza ofisi kwa kwenda na wakati. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Mgeni wetu alikuja, na aliyepona ni mmoja.

Katika karatasi za daraja A nikaliona jina la mama mdogo. Daraja A maana yake patente ambayo hata angeuza kibanda na vitenge vyote asingeifikia, na wakuu wa soko walikuwa wameshatangaza kwamba asiyelipa hadi mwisho wa mwezi kibanda chake kitapewa mwingine. Nilitoka ofisini mchana uleule bila kuaga, nikaenda sokoni na hasira zangu.

"Mama mdogo, ulimwambia yule karani mko wangapi?"

"Tisa."

"Tisa? Nyumbani tuko watatu."

"Aliniuliza watu ya nyumba yangu iko wangapi. Nikamujibu."

"Hata wewe," nikamwambia. "Kila siku unavuka mpaka, unahesabu pesa za nchi mbili kichwani, halafu unaingia mkenge kama watu wa Kanama. Mafuta ya kupikia ulitaka uyatie wapi?"

Mteja aliyekuwa akipapasa kitenge alijifanya hasikii. Mama mdogo hakupandisha sauti.

"We na Kiswahili yako ya Tanzania," alisema, "unasemaka sana."

Akamgeukia mteja, wakaendelea na bei. Nikarudi ofisini nikiwa nimemdharau hata yeye, na hilo liliniuma, kwa sababu alikuwa mtu wa mwisho niliyekuwa nimebakiza.

Kelele zikafuata. Wafanyabiashara walijaa uani mwa ofisi mpaka Mkuu akajifungia chooni. Alipotoka alitangaza kwamba kila mtu anaruhusiwa kurekebisha idadi ya watu wake, ila aje mwenyewe, aseme kwa mdomo wake. Mtaalamu akasema kwamba hilo sistimu yake inaliweza. Hakuwa amejaribu. Nilijaribu mimi, nikagundua kwamba kuongeza mtu ilikuwa rahisi, lakini kupunguza mtu kulipitia kwenye sehemu iliyofungwa. Yule mtengenezaji wa kwanza alikuwa hawaamini wagawa posho wake, na alikuwa na haki. Kwa kila mtu anayepunguzwa, programu ilitaka jinsia, umri, na sababu. Sababu zilikuwa tatu, na huwezi kusonga mbele bila kuchagua mojawapo. Ya kwanza, amefariki. Ya pili, amehama, na hapo lazima utaje namba ya kadi yake huko alikoandikwa sasa. Ya tatu, mwenye kadi alitoa taarifa ya uongo.

Nilimwambia Mtaalamu kwamba tunahitaji sababu ya nne, kitu kama "makosa ya uandikishaji". Alisema sababu tatu zinatosha binadamu yeyote. Mkuu naye, ili aonekane ameshika usukani, akaongeza amri yake: atakayekiri uongo atalipa faini, na jina lake litabandikwa kwenye lango la soko.

Mtu anayetaka kujua watu walichagua nini hajawahi kufanya biashara. Mtoto wa kubuni hana namba ya kadi ya mahali pengine, hivyo kuhama hakukuwezekana. Uongo ulikuwa na faini. Kifo kilikuwa bure. Basi wakawaua. Walipanga foleni toka mlangoni hadi barabarani, wakaingia mmoja mmoja, wakaua watoto wao wa hewani kwa uso mkunjufu. Fundi wa redio aliwaua mapacha wake kwanza. Muuza viazi aliua kumi na wanne, akapumzika, akauliza kama anaweza kubaki na mmoja wa ziada kwa ajili ya baraka. Yule mcheshi wa vitenge aliua kumi bila kushusha pumzi, na alipofika kwa mkwe akasema, "Huyo muue mara mbili." Foleni yote ikacheka.

Hakuna aliyeombwa ushahidi. Katika nchi ile, miaka ile, karani gani angemwambia mtu athibitishe kifo? Ungeogopa jibu. Na watu wale wale waliokuwa wakicheka pale kaunta, karibu kila mmoja alikuwa na wafu wa kweli, wengine waliozikwa na wengine ambao hawajulikani walipo. Walijua neno hilo lina uzito gani, na bado walilirusha juu ya meza kama chenji. Niliona kinyaa. Nilibonyeza moja, moja, moja, siku nzima, na nilichukia kila uso uliokuja mbele yangu.

Mtaalamu alichapisha mchoro wa sababu za mabadiliko. Duara zima lilikuwa la rangi moja. Aliutazama kwa muda, kisha akasema kwa uzito kwamba ni wazi vifo vinaathiri mapato ya mkoa, na akaandika hivyo kwenye ripoti yake.

Nyumbani nilimwambia mama mdogo aje. Nilimweleza kwamba kubaki na tisa ni kukipoteza kibanda, kwamba sehemu ile imefungwa na hata mimi siwezi kuingia kwa mlango wa nyuma, na kwamba hakuna haja ya kuhangaika.

"Sema wamefariki," nikasema. "Ni bure. Kila mtu anasema hivyo."

Alikuwa akichambua maharage kwenye ungo. Aliendelea kuchambua.

"Nitakuja," alisema.

Alikuja asubuhi, amejifunga kitenge ambacho huwa anakivaa kanisani. Nyuma yake kwenye foleni alisimama jirani yake yule mcheshi, aliyerudi kuchukua karatasi yake mpya. Mama mdogo aliketi mbele yangu kama mteja mwingine yeyote. Nami nilimpokea kama mteja mwingine yeyote, maana bado nilikuwa nimenuna.

"Wa kwanza," nikasema. "Mwanaume au mwanamke?"

"Mwanaume. Iko na miaka makumi ine na saba."

Nikaandika arobaini na saba. Kidole changu tayari kilikuwa juu ya moja.

"Wa pili?" nikamuuliza, nikitaka kwanza nizikusanye jinsia na umri kwenye karatasi, sababu nizibonyeze zote mwishoni.

"Mwanaume. Alikuwa na kumi na tano. Sasa alikwisha kuingiza kumi na nane." Alifikiri kidogo. "Wa tatu ni mudogo wake. Huyo iko na kumi na mbili."

Vidole vyangu vikasimama. Mtu anayebuni mtoto hamkuzi. Wale wengine wote walinirushia umri wowote uliowajia, mapacha wa fundi wa redio walipishana miaka miwili. Huyu alikuwa akiongeza miaka.

Nilikuwa nawajua, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Baba mdogo na wavulana wake wawili. Kaka yake mama mdogo, mke wa huyo kaka, na mtoto wao mchanga. Vita vilipofika Masisi walikimbia pamoja, na katika msitu watu wakatawanyika, wengine wakielekea mashariki na wengine ndani zaidi. Mama mdogo alitokea Goma na binti yake mkononi. Wale sita hawakutokea. Kwenye ukoo tulisema kwa sauti ya chini kwamba wamekwisha. Mama yangu alitaka tukae matanga, tuyamalize, maisha yaendelee. Mama mdogo alikataa, akasema hakuna matanga ya watu wasiokufa, na tukamwachia hivyo. Tisa kutoa watatu ni sita, hata mtoto wa chekechea angeipata hesabu hiyo, na mimi niliyekuwa nalala nyumba moja naye sikuipata, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kwamba mji mzima ni waongo.

"Wa mwisho ni mutoto ya kaka yangu," alikuwa akiendelea. "Mwanamuke. Ile wakati alikuwa ananyonya. Sasa iko na miaka tatu, anasema."

Nikaandika tatu. Nikashusha sauti.

"Mama mdogo, inataka sababu."

"Sema."

"Ya kwanza, wamefariki. Haina faini."

"Nani alikuambia walikufa?"

"Hakuna."

"Basi."

"Ya pili, wamehama. Lakini lazima useme wameandikwa wapi sasa."

"Kama ningejua," alisema, "ungenikuta hapa?"

"Ya tatu, kwamba ulidanganya. Kwamba hawapo, uliwataja tu. Utalipa faini, na jina lako litabandikwa langoni."

Mtaalamu alikuwa amesogea nyuma yangu na kikombe chake, amekereka kwa sababu foleni haisogei. Aliuliza kuna tatizo gani, nikamjibu hakuna. Alisoma kioo juu ya bega langu.

"Mwambie aseme wamekufa," alisema. "Si ndivyo wanasema wote? Wamekufa, tunaendelea."

Nilitamani kummwagia ile chai. Nasema wazi, sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yule kwa muda ule, na alikuwa hajakosea hata neno, kwa maana maneno yale yale nilikuwa nimeyasema mimi mbele ya ungo wa maharage. Mama mdogo hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Andika ya tatu."

"Kwa wote?"

"Wote. Andika mi nilidanganya."

"Lakini hukudanganya."

"Najua. Andika."

Nikabonyeza tatu. Programu ikaniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo. Ikaja kwa wa pili, ikaniuliza tena. Ilipomaliza wa sita ikamshusha kutoka daraja A, ikaandika faini, na kwa Kifaransa kizuri ikataka akumbushwe kwamba chakula ni haki ya wenye njaa. Safari hii sikubonyeza haraka. Alikuwa hajui kusoma Kifaransa.

Mtaalamu alifurahi kupita kiasi. Katika foleni yote ile alikuwa hajapata mwongo hata mmoja aliyekiri, na programu ya kuchambua kodi isiyokamata mwongo haipendezi kwenye ripoti. Wageni walipokuja kutoka mji mkuu aliwaonyesha duara lake jipya, jeusi lote, na ukingoni kipande chembamba chekundu. Alikigusa kwa kalamu, akasema hapo ndipo mtaona nguvu ya sistimu, imemfanya mtu akiri mwenyewe. Wageni wakaitikia kwa vichwa. Mkuu akasema "bon". Mimi nilisimama karibu na printa, nikakitazama kipande kile, na nilijua ndani yake mna baba mdogo na wavulana, na mtoto wa miaka mitatu anayesema. Mtaalamu alipewa mkataba mwingine katika mkoa mwingine, akaondoka na disketi zake mbili. Nasikia siku hizi ni mtu mkubwa, na sina sababu ya kushangaa.

Faini tuliilipa kwa robota la vitenge na mshahara wangu. Kibanda kilibaki, nusu tupu. Na kwenye lango la soko ikabandikwa karatasi yenye kichwa cha habari kirefu kuhusu wadanganyifu, na chini yake jina moja. Watu walilisoma wakiingia, wakalisoma wakitoka. Wengine walikuja kibandani kumtazama tu. Watu walioua watoto kumi kumi wasiokuwepo walipita mbele yake wakitikisa vichwa, eti mama wa kanisani, kumbe mwongo.

Nilikuwepo siku jirani yake yule mcheshi alipomchokoza. Hakuwa na ubaya, alikuwa anapenda kucheka tu, na soko lilikuwa limepoa.

"We mama," alisema, "sisi tuliua kumi, na hatukulipa kitu. We ulishindwa namna gani kuua sita?"

Mama mdogo alikuwa amebeba kitenge kilichofunuliwa na mteja asiyenunua.

"Wenu hawakuzaliwaka," alimjibu.

Kisha akamnyooshea ncha moja ya kitenge amshikie, wakikunje.